Acha Kusema "Njoo Kesho": Hesabu ya Fundi Cherehani kwa Mwenye Kazi Nyingi

Mama mmoja wa Tukuyu alinifuata Mwanjelwa, Mbeya mjini, mara nne kwa gauni moja la kitenge. Mara ya kwanza nilimwambia njoo kesho, na kitambaa chenyewe kilikuwa bado hakijaguswa na mkasi. Mara ya pili nikasingizia umeme. Ni kweli ulikatika siku hiyo, ila kwa saa moja tu. Mara ya tatu nilimwona tangu anavuka barabara, nikachutama nyuma ya mashine ya ovaloki, kijana wangu akamwambia, "Fundi katoka kidogo." Mara ya nne alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akaanza kukunja vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu nisaidie hesabu, wewe umesoma. Nauli ya kuja na kurudi mara nne, na hela yako ya kushona, ipi kubwa?"

Nauli ilikuwa imeshaipita. Hakunigombeza. Alingoja pale pale mpaka saa kumi na mbili jioni nikamaliza, akalipa bila kupunguza hata shilingi, akasema "Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaenda kutafuta gari la mwisho. Angenitukana ningekuwa nimeshasahau.

Kabla ya siku hiyo nilijiona mchapakazi. Naamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Juni ya Mbeya inakata masikio, na saa mbili kasoro cherehani inalia. Kwenye simu nilikuwa nasikiliza wahamasishaji wanaosema amka mapema, jitume, ota ndoto kubwa. Nilijituma kweli, na nikazidi kuchelewa, maana kila nilivyojituma ndivyo nilivyopokea nguo nyingine. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia nihesabu.

Basi huu ni mwongozo wa kuhesabu. Umeandikwa na fundi wa nguo, lakini mwalimu mwenye marundo ya madaftari, mama lishe mwenye oda za harusi, fundi wa madirisha ya aluminiamu, mwanachuo mwenye utafiti usioisha, wote wanaweza kuubadilisha majina ukawafaa. Unahitaji kauntabuku, kalamu, simu yenye saa, na mwezi mmoja wa uvumilivu.

Hatua ya kwanza: mwaga kila kitu sakafuni

Jumapili moja baada ya ibada nilifungua banda, nikatandika turubai, nikamwaga kila mfuko uliokuwa chini ya meza, juu ya kabati na nyuma ya mlango. Nguo 41. Saba kati ya hizo sikumjua mwenyewe. Moja ilikuwa shati ambalo nimelikata mkono mmoja, wa pili mpaka leo sijui nimeupeleka wapi. Kulikuwa na gauni la bluu lenye maua meupe kifuani, limeisha kabisa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri, halina jina.

Nikachora safu tano kwenye kauntabuku: jina, namba ya simu, nguo, siku niliyopokea, siku niliyoahidi. Safu ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho. Kwa Jumanne moja tu nilikuwa nimeahidi nguo kumi na moja.

Ukimaliza za kazini, fungua ukurasa wa pili, uandike ahadi ulizozitoa nje ya kazi. Huu ukurasa watu wengi wanauruka, na ndio unaokula usingizi. Wangu ulikuwa na haya: kumpeleka binti yangu akapimwe macho, kumsaidia baba kuezeka banda la ng'ombe Igawilo, kwenda Kihesa, Iringa, kumwona mjomba tangu alipofanyiwa upasuaji, na kujifunza kushona koti la suti lenye bitana, jambo ambalo nilikuwa nimelitangaza kila Januari kwa miaka sita mfululizo mpaka mke wangu akawa analimalizia yeye mwenyewe nikianza kulisema.

Usipange chochote siku hiyo. Mwaga tu, andika tu, funga daftari.

Hatua ya pili: pima wiki moja, usijirekebishe

Chagua kazi tatu au nne unazozirudia sana, na kila unapoanza moja bonyeza saa ya simu. Ukimaliza, andika. Usiharakishe ili upendeze mbele ya saa. Usiisimamishe mteja anapoingia, kwa sababu mteja ataingia na wiki ijayo.

Mimi nilianza na sketi ya shule ya marinda. Ungeniuliza ningekuapia kwamba ni dakika 40, nimeshashona mamia. Nikabonyeza saa. Chaki haipo, nikaitafuta, kumbe iko mfukoni mwa kijana. Nikapima, nikakata. Bobini imeisha uzi. Akapita jirani, tukasalimiana, na salamu za huku mnazijua, haondoki mtu mpaka ng'ombe na shamba na wagonjwa wote wawe wameulizwa. Marinda manne ya nyuma yakakaa upande, nikafumua. Zipu niliyodhani ninayo ilikuwa fupi, kijana akakimbia kununua nyingine. Pindo, kishikizo, pasi. Saa ikasoma saa moja na dakika 35.

Nikasema hiyo ilikuwa sketi ya mkosi. Ya pili ikawa saa moja na dakika 20. Ya tatu, saa moja na dakika 40. Hapo nikanyamaza.

Kosa hili lina watu wake waliolichunguza. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979: mtu anapokadiria kazi yake huwa anaiona ikienda sawa hatua kwa hatua, hazioni chaki zilizopotea. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanachuo wa Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watamaliza lini. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Walitumia zaidi ya siku 55. Kilichonichekesha ni kwamba waliulizwa pia watachukua muda gani iwapo kila kitu kitaharibika, wakasema kama siku 49. Hata mkosi wao wa kuwaza ulikuwa na haraka kuliko maisha yenyewe.

Dawa yake ni nyepesi. Usijiulize kazi hii itachukua muda gani. Jiulize ya mwisho kama hii ilichukua muda gani, halafu uandike namba hiyo hiyo. Kwa hiyo usiitupe karatasi ya wiki yako; ibandike ukutani. Yangu imeanza kufifia kwa mvuke wa pasi lakini bado inasomeka: sketi ya marinda 1:35, shati la shule 1:50, gauni la kitenge la kawaida 2:30, kupunguza suruali dakika 25. Ukichanganya zote, kwa wastani nguo moja inanila saa moja na dakika 40.

Hatua ya tatu: jua saa zako za kweli

Ninafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Ukitoa chakula ni saa nane. Nilipojumlisha muda ambao mikono yangu ilikuwa kwenye nguo, nikapata saa nne na nusu kwa siku. Zile nyingine zilikuwa za kupima wateja, kununua uzi, kupokea simu, kubishana bei, na kuota jua pale nje, ambako Julai ni kama dawa.

Kwanza niliona aibu. Baadaye nikaona hakuna cha kuonea aibu, kumpima mteja ni kazi na kununua uzi ni kazi. Aibu ilikuwa kugawa saa nane wakati nina nne na nusu.

Sasa chukua namba zako upige hesabu. Yangu ilikuwa hivi: nguo 41, kila moja dakika 100, jumla dakika 4,100, yaani saa 68 na ushee. Gawa kwa saa nne na nusu, unapata siku 15. Kwa wiki ya siku sita, wiki mbili na nusu. Hizo ndizo siku zilizokuwa zimejificha ndani ya neno "kesho".

Kuna njia ya mkato isiyohitaji saa kabisa. Mmarekani John Little aliithibitisha kwa hisabati mwaka 1961: mahali ambapo kazi zinazoingia na zinazotoka zinalingana, gawa idadi ya kazi zilizo mkononi kwa idadi unayomaliza kwa siku, utapata siku ambazo kazi moja inangoja kwa wastani. Una nguo 30 na unamaliza tatu kwa siku, basi anayeingia mlangoni sasa hivi anangoja siku kumi, hata kama ana sura ya huruma. Wahandisi wanaitumia kwenye viwanda na foleni. Inakaa vizuri tu kwenye banda la Mwanjelwa.

Dada yangu anafundisha sekondari Mafinga. Nilimpelekea hesabu hii kwa simu, akaijaribu kwa madaftari ya insha. Daftari moja dakika nne, wanafunzi 120, jumla saa nane. Na yeye alikuwa anawaambia watoto kila Ijumaa, "Mtayapata Jumatatu," halafu anajilaumu wikiendi nzima kwamba ni mzembe. Sasa anatoa insha kwa mkondo mmoja kwa wiki. Watoto wanapata daftari lenye maoni badala ya alama ya vema iliyopigwa kwa kukimbia.

Hatua ya nne: daftari la tarehe

Kauntabuku nyingine, kila siku ukurasa wake, kila ukurasa mistari mitatu. Kila mstari ni nguo moja. Mistari ikijaa, siku imejaa. Mteja anapewa siku na saa: "Jumatano, saa nane mchana." Neno kesho nimelifuta dukani, hata kijana akilisema anatoa mia mbili kwenye kopo.

Alhamisi haiandikwi kitu. Hapa ndipo watu wananishangaa, siku nzima tupu? Angalia hesabu: nguo tatu kwa dakika 100 ni saa tano, nami nina nne na nusu. Kila siku nusu saa inamwagika. Siku tano, saa mbili na nusu. Zote zinaangukia Alhamisi. Zinabaki saa mbili, nazo ni za umeme, za sindano kuvunjika, na za msiba. Huku kwetu jirani akifiwa hufungui duka ukamwambia una oda. Unaenda, unakaa, unachangia, unazika. Zamani nilikuwa nauita msiba "kilichonichelewesha". Ila misiba haikosekani, na jambo lisilokosekana linastahili nafasi yake kwenye daftari kama nguo.

Siku zile 15 za kulipa madeni sikukataa wateja, niliwaandika kurasa za mbele. Nilihofia watakimbia. Walikimbia wachache, hasa wenye haraka ya kesho yake. Lakini fikiria: kwa wiki nilikuwa namaliza nguo kama 16 tangu zamani. Sasa naandika 15. Nilichopoteza ni nguo moja na maelezo mengi.

Hatua ya tano: kukataa bila kumvunjia mtu heshima

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyonichukua miezi. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima akiomba unasema ndiyo, mengine utajua mbele. Ndiyo yetu mara nyingi ni salamu tu, haina tarehe ndani yake. Lakini mwenye kupokea anaihesabu kama tarehe, anapanda gari.

Siri niliyoigundua ni kuacha daftari likatae. Mteja akiniomba Ijumaa, nafungua ukurasa wa Ijumaa mbele yake, tunausoma pamoja. Mistari mitatu imejaa majina ya watu kama yeye. Mimi na yeye tunakuwa upande mmoja, tunasikitika pamoja, tunatafuta nafasi pamoja. Ukikataa kwa mdomo mtupu anaona umemkataa yeye.

Maneno ninayotumia ni haya, yachukue kama yatakufaa. Kwa mteja wa kawaida: "Ijumaa imejaa, ona. Nafasi ya kwanza ni Jumatano saa nane. Nikuandike?" Kwa mama mtu mzima: "Mama, nikikubali leo nitakuwa nakudanganya, na nauli yako itapotea. Niachie mpaka Jumatano, au nikupeleke kwa fundi mwenzangu pale jirani nikukabidhi mwenyewe." Kumkabidhi mwenyewe ni muhimu, ukimnyooshea kidole tu umemfukuza.

Shemeji ni mtihani wa peke yake. "Shemeji, hata mimi?" Hapo hakuna fomula. Mimi nina mstari mmoja kwa mwezi wa ndugu, ukishatumika umetumika, na mke wangu ndiye mwenye kuugawa. Tangu nimpe yeye huo mstari, maombi ya ndugu yamepungua kwa namna ya ajabu.

Kwaya yetu ilileta sare 24 wiki mbili kabla ya Pasaka. Zamani ningepokea zote kwa imani. Nikafungua daftari mbele ya mwenyekiti wa kwaya, tukakuta nafasi tisa. Nikachukua tisa, nikakata vitambaa vyote ili mshono ufanane, zilizobaki zikaenda kwa mafundi wawili. Siku ya Pasaka wote 24 walisimama mbele wamevaa. Mwenyekiti hakusema asante, alisema, "Mwaka jana tuliimba wengine wakiwa na za zamani."

Kuhusu simu

Ifungie kwenye droo mpaka saa tano, iangalie, kisha ifungie tena mpaka saa nane. Wateja wakipiga kijana anapokea. Sina zaidi ya kusema hapo, kila mtu anajua simu inamfanya nini.

Hatua ya sita: mwaka wa huku hauanzi Januari

Rudi kwenye ule ukurasa wa pili, wa mambo yako mwenyewe. Sababu ya koti langu la suti kufa miaka sita ni kwamba nililizalia Januari.

Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Inaanza kwenye Novemba, inaishia Aprili, na kule Rungwe na Kyela inasogea mpaka Mei. Mahindi yanaingia ardhini Novemba na Desemba. Desemba ni nguo za Krismasi. Januari shule zinafunguliwa. Ni kweli tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, lakini sare ni ya mzazi, na mzazi anaikumbuka siku mbili kabla. Wakati huo huo shambani ni palizi. Mtu anayeahidi maisha mapya Januari hapa Mbeya anapanda mbegu katikati ya palizi, hela hana, muda hana, mgongo unauma.

Kaa na daftari lako uchore mwaka wako ulivyo. Wangu uko hivi. Februari mpaka Aprili hela za watu ziko ardhini, wateja wachache, mvua inapiga bati mpaka husikii cherehani: huo ndio muda wa kujifunza. Mei mvua inakatika. Juni na Julai ni mavuno na baridi. Kuanzia Julai watu wameuza mahindi na viazi, harusi zinapamba moto, vikundi vinataka sare za maonesho ya wakulima ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale: huo ni muda wa kushona na kuweka akiba, usianze jambo lingine lolote. Oktoba kuandaa shamba. Mwaka wangu wa mipango sasa unaanza Julai, kipindi nina hela na akili imetulia. Hata serikali inafungua mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, kwa hiyo siko peke yangu.

Wewe wa chai Mufindi, wa kahawa Mbozi, wa mpunga Mbarali au wa parachichi Njombe utachora mchoro mwingine. Mwenye mshahara naye ana misimu yake, aangalie tu ni miezi gani hupumua.

Hatua ya saba: jambo moja, mahali pamoja, kidogo kidogo

Februari nilikwenda kwenye mitumba nikanunua koti moja la zamani, bovu bega lakini limeshonwa vizuri. Nikajiwekea sentensi moja: nikishabandika maji ya chai, nafumua koti. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, "likitokea hili, nafanya lile", kwamba humsaidia mtu kuanza bila kungoja ari. Mimi sikuwa na ari, saa kumi na moja na nusu asubuhi mvua ikinyesha nani ana ari? Lakini jiko la mkaa lina taratibu zake, maji hayachemki chini ya dakika 20, na wembe ulikuwa pale pale mezani.

Siku ya kwanza nilifumua kola. Ndani nikakuta vipande vitatu, kile cha chini kimekatwa mshazari na ni kidogo kuliko cha juu kwa upana wa punje ya mchele. Miaka yote nilikuwa navikata sawa, ndiyo maana kola zangu zilikuwa zinajikunja kama sikio la mbwa. Nikachora kwenye daftari. Siku ya pili bega. Mkono ulinila siku nne, maana bitana ya mkono ni ndefu kuliko inavyoonekana, ina mkunjo wa ziada ili mtu akiinua mkono isichanike. Wiki ya tatu koti lilikuwa vipande vyote mezani, nimevipa namba kwa chaki, na nikaanza kurudisha kinyumenyume.

Koti langu la kwanza lilitoka Aprili, kola imeinamia kushoto kama shingo ya mtu aliyelalia vibaya. Mke wangu alilivaa kwenda kuchota maji. La tatu nililiuza.

Binti alipimwa macho Machi, na mjomba nilimwona Mei. Banda la ng'ombe bado, baba ameshaacha kuuliza, na hilo linanisumbua kuliko angeuliza. Limeandikwa Oktoba.

Hatua ya nane: ukikosea, piga kabla

Jumamosi jioni kabla ya kufunga, hesabu namba moja tu: ahadi ngapi zimetimia kati ya zilizoandikwa. Wiki yangu ya kwanza ilikuwa tisa kati ya 15. Kwenye mwezi wa nne tangu nianze ikawa 14. Sijawahi kupata 15 mara mbili mfululizo, na sijui kama nitapata.

Kwa hiyo utakosa tu, na ukiona utakosa, piga simu siku moja kabla, ukiwa umeshashika tarehe mpya mkononi. Usieleze sana. "Mama, gauni lako halitakuwa tayari Jumatano, kosa ni langu. Ijumaa saa nne lipo. Usipande gari." Simu ya kwanza ya namna hiyo niliipiga mikono inatetemeka, nikitegemea matusi. Upande wa pili kukawa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo unanipigia kuniambia nisije?" Ndiyo mama. "Haya baba. Ijumaa."

Zile nguo saba zisizo na wenyewe, sita zimeshachukuliwa, baada ya kuzining'iniza mlangoni wapita njia wazione. Limebaki gauni la bluu lenye maua meupe kifuani, kiuno inchi 34. Kama ni lako, nipo Mwanjelwa, Jumanne saa tatu asubuhi.